Pikapu ishushwe kwa vipimo, springi zisichomwe moto

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji tuseme na vijana wenye pikapu, na zaidi tuseme na mafundi wenzetu wanaozipokea gereji. Kushusha pikapu hatukupingi. Pikapu ndogo iliyokaa chini sawasawa, ikiwa na rimu zake za chuma za kiwandani, inapendeza, na kwenye lami inatulia kwenye kona kuliko ilivyotoka kiwandani. Vijana wa California walikuwa wakizishusha pikapu ndogo za Kijapani tangu miaka ya 1970, na kazi hii ina ufundi wake unaojulikana. Tunachokipinga ni njia moja tu, ile ya kuidhoofisha springi ili gari lizame. Springi iachwe na nguvu yake. Kinachohamishwa ni mahali ekseli inapokaa.

Tuanze na magurudumu, maana wengi huanza kwa kuyauza. Tairi la 195R14C, ambalo limevalishwa kwenye Hilux nyingi za chini zinazoendeshwa na magurudumu mawili, lina kipenyo cha milimita 666 hivi. Ubavuni mara nyingi utasoma 106/104, na 106 maana yake tairi moja hubeba kilo 950. Kijana anapoliondoa na kuvalisha 195/50R15 la gari dogo, ubavuni anakuta 82, yaani kilo 475. Ni nusu kamili. Ekseli ya nyuma iliyokuwa na matairi ya kubeba kilo 1,900 sasa ina ya kubeba 950, na humo mna uzito wa gari lenyewe kabla hujapakia hata ndoo ya mchanga. Tena tairi hilo jipya lina kipenyo cha milimita 576, kwa hiyo mshale wa spidi ukisoma 100 gari linakwenda kama 86, na difu, lile boksi la gia katikati ya ekseli ya nyuma, limeshuka milimita 45 kuelekea kwenye mawe.

Anayebaki na magurudumu yake na kushusha kwa springi hapotezi hata milimita moja chini ya difu, kwa sababu urefu wa difu kutoka ardhini unaamuliwa na tairi. Kinachoshuka ni chesisi, bodi, injini na tangi. Spidi inabaki ya kweli, breki zinabaki na kipenyo zilichopigiwa hesabu, na tairi halitoki nje ya fenda. Ndiyo maana tunasema rimu za kiwandani zibaki. Sura inayotafutwa inapatikana kwa kupunguza nafasi kati ya tairi na fenda, na tairi refu la kiwandani linaijaza nafasi hiyo vizuri kuliko tairi fupi.

Kabla ya kushika spana, ingia chini na tochi uangalie kitu kimoja: ekseli ya nyuma imekaa juu ya springi, au springi imekaa juu ya ekseli? Kwenye Hilux nyingi za zamani za magurudumu mawili, ekseli imekaa juu na springi inapita chini yake. Kwenye zile za magurudumu manne, na zile ndefu zilizoinuliwa kiwandani, springi iko juu. Bloku, yaani kipande cha chuma au alumini cha kuongeza nafasi, ikiwekwa kati ya hivyo viwili, gari la aina ya kwanza linashuka na gari la aina ya pili linapanda. Watu wamenunua bloku, wakazifunga, wakashangaa pikapu imenyanyuka kama inakwenda porini. Shakli ndefu, yaani kiungo kinachoshika ncha ya springi kwenye chesisi, nayo isikudanganye: kwenye Hilux shakli ya nyuma inaning'inia chini ya chesisi, kwa hiyo ukiirefusha unalinyanyua gari.

Barua hii inahusu zaidi aina ya kwanza. Kwa ile yenye springi juu ya ekseli, njia ya kuihamisha ekseli iwe juu ya springi ipo, lakini inashusha kama inchi 5 au 6 kwa mkupuo, inadai vikalio vya springi vichomelewe upya kwa pembe sahihi, na chesisi ikatwe juu ya ekseli na kuimarishwa. Kwa gari la kazi hatuishauri hata kidogo.

Sasa vipimo. Gari liwe kwenye sakafu tambarare, tangi nusu, upepo wa matairi uwe ule ulioandikwa kwenye kibandiko cha mlangoni. Pima kutoka katikati ya kikombe cha gurudumu hadi ukingo wa fenda, wima, pembe zote nne, uandike kwa chaki juu ya kila fenda. Usipime kutoka ardhini, kwa sababu upepo ukipungua kidogo kipimo kinakudanganya. Gari lenye umri wa miaka 20 mara nyingi litakuwa na tofauti ya milimita 5 hadi 10 kati ya kushoto na kulia. Ijue mapema, la sivyo utakuja kuilaumu kazi yako.

Kiasi tunachokipendekeza ni milimita 50 nyuma na 30 mbele. Pikapu hutoka kiwandani mkia umeinuka ili ikipakiwa ikae sawa, ndiyo maana nyuma hupunguzwa zaidi. Kwa nini tusiende 75 nyuma? Chukua uzi, uvute kutoka ukingo wa chini wa rimu ya kushoto hadi ukingo wa chini wa rimu ya kulia. Chochote kinachoning'inia chini ya uzi huo kitalima lami siku tairi litakapopasuka. Kwenye rimu ya inchi 14, ukingo huo uko kama milimita 195 chini ya kitovu cha ekseli. Sasa hesabu kinachoshuka kutoka kitovuni: nusu ya bomba la ekseli na kikalio chake, kama 40, bloku, 50, unene wa springi, kama 45, bamba la yu-bolti (bolti zenye umbo la herufi U zinazofunga ekseli kwenye springi) pamoja na nati na ncha za bolti, kama 35. Jumla 170. Imebaki milimita 25. Weka bloku ya 75 uone: hakuna kilichobaki. Hesabu yako inaweza kutofautiana kidogo na hii, kwa hiyo vuta huo uzi kwenye gari lako. Bamba hilo na ncha za bolti ndivyo vinavyokaribia ardhi upande wa nyuma, na karibu hakuna anayeviangalia, kwa sababu kila mtu anatazama bampa.

Bloku yenyewe iwe kipande kimoja kizima cha alumini au cha chuma kilichosubiwa, upana sawasawa na springi. Chini iwe na tundu la kupokea kichwa cha senta bolti, ile inayoshikanisha mabapa ya springi katikati, juu iwe na pini ya kuingia kwenye tundu la kikalio cha ekseli. Pima kipenyo cha senta bolti na cha tundu kwa kalipa kabla ya kununua au kumpelekea mtu wa lezi. Pini ikicheza hata milimita mbili, ekseli itakuwa inatembea kila unapofunga breki, na yu-bolti zitalegea zenyewe. Mbao hapana, hata iwe mninga. Bomba la pembe nne lililochomelewa hapana, maana linabonyea polepole, yu-bolti zinalegea, na hujui mpaka ekseli iwe imekaa upande. Kupandanisha bloku mbili hapana.

Yu-bolti ziwe mpya, ndefu kwa milimita 50 kuliko za awali, unene uleule. Za zamani zikishafunguliwa hazirudi. Zimeshavutika, nyuzi zimeshakula kutu, na hata ukizikaza namna gani hazishiki kama mwanzo. Usiku wa kuamkia kazi zipulizie mafuta ya kulainisha kutu. Zikigoma, zikate kwa grainda, lakini linda springi na hosi ya breki kwa bati. Mkwaruzo mmoja wa grainda juu ya bapa la springi ndipo ufa utakapoanzia.

Weka kabari mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele. Inua nyuma kwa jeki chini ya difu, kisha weka stendi mbili chini ya chesisi, mbele kidogo ya kishikizo cha mbele cha springi. Zisikae chini ya ekseli, kwa sababu ekseli ndiyo inayotakiwa kupanda na kushuka. Jeki inabaki chini ya difu ikibeba uzito wa ekseli peke yake. Toa magurudumu, fungua shokapu upande wa chini, na achanisha fimbo ya valvu ya breki, ambayo tutairudia. Kabla hujaiachanisha, piga mstari wa rangi mkono wa valvu unapokutana na mwili wake. Mstari huo utakuokoa baadaye.

Shughulikia upande mmoja kwanza, mwingine ukiwa bado umefungwa, ili ekseli isihame. Ondoa yu-bolti na bamba, pandisha jeki mpaka ekseli iachane na springi kama milimita 60, safisha vikalio kwa brashi ya waya, ingiza bloku, teremsha taratibu. Pitisha kidole pande zote za bloku. Ikiwa imekaa kwenye pini, haina upenyo popote. Ikiwa imepanda juu ya kichwa cha senta bolti, utaona inayumba kidogo, na hapo kukaza yu-bolti kwa nguvu hakusaidii; kutavunja kichwa cha senta bolti tu. Kaza nati kwa kupishana kama herufi X, kila moja robo mzunguko, ukihakikisha nyuzi zinazojitokeza zinalingana. Ukazaji wa mwisho, kwa spana ya kipimo na kwa kiasi kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari lako, ufanyike gari likiwa limesimama juu ya magurudumu yake.

Kisha shokapu. Kabla ya kuirudisha, pandisha ekseli kwa jeki mpaka iguse stopa ya mpira, upime nafasi kati ya vishikizo viwili vya shokapu. Nafasi hiyo lazima izidi urefu wa shokapu iliyobanwa mpaka mwisho, angalau kwa milimita 15. Isipozidi, kila shimo litaipiga shokapu ndani kwa ndani, na haitamaliza mwezi mafuta hayajaanza kutoka. Dawa ni shokapu fupi zaidi. Stopa zenyewe zisiondolewe. Wapo wanaozikata zote ili "kupata nafasi", na matokeo yake ni chuma kupiga chuma, na chesisi kupasuka pale pale juu ya ekseli.

Bloku haibadilishi ugumu wa springi, lakini inapunguza nafasi ya springi kushuka, na hilo mwenye gari aelezwe wazi. Kipimo chake ni rahisi. Kabla ya kazi, pakia mifuko sita ya saruji juu ya ekseli ya nyuma, yaani kilo 300, upime kutoka kikombe hadi fenda. Tuseme imeshuka milimita 40. Basi zile milimita 50 ulizoziondoa ni sawa na kilo 375 za nafasi iliyopotea kabla stopa haijagusa. Mwenye pikapu anayebeba tani moja ya mahindi kila wiki asiishushe. Anayebeba vifaa vya umeme, maua au pikipiki moja, hana tatizo.

Tufike kwenye jambo lililotufanya tuandike. Njia ya mkato inayotumika ni mbili: kutoa mabapa ya springi, au kuyapasha moto wa gesi mpaka yalegee. Zote mbili zinaua watu, na inatuuma kwamba zinafanywa na mafundi wenye mikono mizuri ambao hawajaelezwa kwa nini.

Chuma cha springi kilipashwa kiwandani hadi karibu nyuzi 850 za Selsiasi, kikazamishwa kwenye mafuta kikakakamaa, kisha kikapashwa tena hadi kati ya nyuzi 460 na 510 ili kipate unyumbufu. Nguvu yote ya springi iko kwenye hatua hizo mbili. Unapokiwasha gesi mpaka kiwe chekundu umevuka nyuzi 700, na hatua zote mbili zimefutika. Kikipoa chenyewe kinabaki chuma laini: gari litaendelea kushuka lenyewe wiki baada ya wiki, upande mmoja kuliko mwingine. Ukikimwagia maji kinakuwa kama kigae, na kitakatika bila onyo. Aliyekaa pembeni hawezi kuona tofauti kwa macho, kwa sababu kutu na vumbi vinafunika rangi ya moto ndani ya siku chache. Ukitaka kujua kama springi uliyoletewa imewahi kuchomwa, isugue kwa brashi ya waya katikati ya urefu wake: penye moto chuma kina magamba meusi yanayobanduka, na mara nyingi bapa limeinama ghafla mahali pamoja badala ya kujikunja polepole kote.

Kutoa mabapa kuna udanganyifu wa namna nyingine. Lile bapa nene la chini kabisa ni la msaada. Gari likiwa tupu haligusani na mengine, kwa hiyo ukilitoa gari halishuki, ila umelipokonya gari ngao yake ya mzigo. Fundi akiona haikushuka anatoa la pili kutoka juu, na hapo ndipo gari linashuka kweli. Lakini bapa hilo ndilo linaloshikana na bapa kuu kuizuia ekseli isijizungushe unapokanyaga mafuta au breki. Bila hilo, springi inajipinda kama herufi S kila gari linapoondoka, difu linainua pua, propela, ile fimbo inayozungusha difu, inatetemeka, na siku moja bapa kuu linakatika penye tundu la senta bolti. Bapa kuu likikatika, ekseli haina kinachoishikilia upande huo.

Kama springi zimechoka na hazilingani, kiwanda cha springi chenye presi kinaweza kuzikunja upya zikiwa baridi, zote mbili kwa kipimo kimoja. Hiyo ni halali.

Mbele ni kazi nyepesi kwa magari yenye tosheni baa, yaani Hilux nyingi za kabla ya 2005, Nissan Hardbody, Isuzu za zamani na nyingine nyingi. Baa ni fimbo ndefu ya chuma inayolala kando ya chesisi. Mbele imeshikana na mkono wa gurudumu, nyuma imeshikwa na mkono mfupi wenye bolti ya kurekebishia. Bolti ikilegezwa, gari linashuka. Inua mbele kwa chesisi mpaka magurudumu yaning'inie, ili baa isiwe na mzigo. Anayezungusha bolti hiyo gari likiwa chini anachubua nyuzi zake. Safisha nyuzi, paka grisi, pima urefu wa nyuzi zinazoonekana na uandike. Legeza mizunguko mitatu kila upande, teremsha gari, lisukume mbele na nyuma mita tano ili matairi yaliyojibana yajiachie, bonyeza bampa mara kadhaa, ndipo upime. Asiyelisukuma gari anapata kipimo cha uongo. Rudia kidogo kidogo mpaka ufike 30. Usitafute nyuzi zilingane kushoto na kulia. Kinachotakiwa kulingana ni urefu wa fenda. Na baa zikitolewa kwa sababu yoyote, ya kushoto irudi kushoto na ya kulia irudi kulia. Zilisokotwa kiwandani kila moja kwa upande wake, na alama zake zimepigwa kichwani. Zikibadilishwa zinachoka na kuvunjika.

Utasikia watu wakisema kulegeza baa kunafanya gari liwe gumu. Ugumu wa baa unatokana na unene, urefu na chuma chake, na hivyo havibadiliki kwa kuzungusha bolti. Gari linakuwa gumu kwa sababu mkono umefika kwenye stopa na sasa unatembelea mpira. Gari likiwa limesimama, acha angalau milimita 20 kati ya mkono na stopa. Zikipungua, umeshusha mno, rudisha juu.

Kwa Hilux za kuanzia 2005, mbele kuna koili zilizozunguka shokapu. Nunua koili fupi zilizotengenezwa kwa gari hilo. Ukiikata koili yenye mizunguko minane inayofanya kazi ukatoa mmoja, inakuwa ngumu zaidi kwa asilimia 14 hivi, na tairi likining'inia koili inabaki huru, inaweza kuruka kutoka kwenye kikalio chake. Kuifungua kwenyewe kunataka kibanio maalumu cha koili, si waya wala mnyororo.

Gari limeshuka, linapendeza, picha zimepigwa. Kazi bado nusu.

Turudi kwenye ile fimbo ya valvu ya breki. Hilux nyingi zina valvu kwenye chesisi, karibu na ekseli ya nyuma, inayopima mzigo. Gari likipakiwa, chesisi inashuka, fimbo inausukuma mkono wa valvu, na valvu inaruhusu msukumo zaidi wa mafuta uende breki za nyuma. Ni kifaa kizuri sana. Lakini hakijui tofauti kati ya kilo 400 za mzigo na milimita 50 za bloku. Ukiifunga fimbo ilivyokuwa, valvu itaamini kwamba gari limepakiwa saa zote. Siku ya mvua, gari tupu, ukikanyaga breki kwa nguvu, magurudumu ya nyuma yanafunga kabla ya ya mbele na mkia unakuja mbele. Dereva atasema barabara ilikuwa na utelezi. Dawa yake ni bati nene la milimita 6 linaloshusha kishikizo cha fimbo kwenye ekseli kwa milimita 50 zilezile, mpaka ule mstari wa rangi uliopiga kwenye mkono wa valvu ukutane tena. Baada ya hapo jaribu kwenye uwanja mpana usio na watu, kilomita 40 kwa saa, gari tupu, mtu mmoja akiwa amesimama kando kwa umbali salama akitazama. Magurudumu ya mbele ndiyo yanayopaswa kufunga kwanza. Ya nyuma yakitangulia, gari lisitoke gereji.

Propela nayo iangaliwe. Gia boksi imeshuka na chesisi, difu limebaki, kwa hiyo pembe za krosi, yaani viungo vya ncha za propela, zimebadilika. Pima kabla na baada, hata kwa programu ya simu ya kupimia mlalo. Pembe ya krosi ya mbele na ya nyuma zisipishane zaidi ya nyuzi 1, na kila moja isizidi 3. Kwa bloku bapa za milimita 50 kwa kawaida inabaki ndani. Ikitetemeka wakati wa kuchanganya mwendo, kabari ya nyuzi 2 kati ya bloku na kikalio inatosha, mradi upande mnene usiwekwe kinyume. Angalia pia bomba la moshi linapopita juu ya ekseli. Limekaribiana nayo milimita 50, na kwenye tuta la kwanza litagonga.

Alaimenti ifanyike baada ya kama kilomita 50, springi zikishatulia. Mbele ikishuka, vichwa vya matairi huingia ndani, na kufungana kwa matairi hubadilika kwa sababu tairodi, yaani fimbo za usukani, zimebadili pembe. Lazima kemba (mwinamo wa tairi ndani au nje) na kasta (mwinamo wa mhimili wa usukani mbele au nyuma) zitangulie, kufungana kuwe mwisho. Kwenye nyingi za hizo Hilux za magurudumu mawili, kemba inarekebishwa kwa vipande vya bati kwenye mkono wa juu, na fundi wa mashine asiyetaka kuvigusa atakurekebishia tairodi tu akupe karatasi. Tairi likilika ukingo wa ndani peke yake, ujue ndicho kilichotokea.

Taa ni jambo fupi lakini watu wanalisahau. Nyuma ikishuka 20 zaidi ya mbele, kwenye gari lenye milimita 2,850 kati ya ekseli mbili, pua inainuka kwa asilimia 0.7. Mwanga wa chini uliokuwa ukiinama asilimia 1.2 sasa unainama 0.5, na unaingia machoni mwa anayekuja. Simamisha gari mita 10 kutoka ukutani, weka alama kwenye urefu wa katikati ya taa, na rekebisha ukingo wa mwanga uwe sentimita 10 hadi 12 chini ya alama.

Kampuni ya bima iarifiwe kwa maandishi, na karatasi ya vipimo vyote, kabla na baada, ikae kwenye gari. Ukaguzi wa polisi unakuwa rahisi fundi anapokuwa ameandika alichokifanya.

Yu-bolti zikazwe tena baada ya kilomita 100, na tena baada ya 500. Ukishazikaza mara ya mwisho, piga mstari mmoja wa rangi nyeupe kutoka kwenye nati hadi kwenye bamba. Mwenye gari akiinama na tochi kila Jumapili ataona mara moja kama nati imesogea.

Ni sisi mafundi watatu wa chesisi na springi,
Ilala, Dar es Salaam.